Chupa Tulizozipaka Rangi

Msichana wa gredi ya tatu alinijia na chupa ya soda ambayo haikuwa imefunguliwa. Ilikuwa bado baridi, imetoka jasho, naye ameikumbatia kwa mikono miwili. Nikamwuliza mbona hajainywa. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ulisema tuje na chupa. Kwetu hakukuwa na chupa. Mama akanipa pesa ya mkate nikanunue."

Pesa ya mkate. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, mtaa wa Rhonda hapa Nakuru, karatasi ya somo mkononi. Juu yake nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: Tupunguze taka za plastiki. Somo langu lilikuwa limeongeza chupa moja ambayo isingekuwako, na kuwaondolea watu wa nyumba moja mkate wao wa asubuhi. Soda ile tuliigawa kwa vikombe, watoto wakafurahi, na jioni nikaenda na yule msichana hadi kwao kumrudishia mama yake pesa. Mama alikataa mara mbili kabla ya kuzipokea. Alisema hakutaka mwanawe awe wa pekee aliyekwenda mikono mitupu.

Nilianza kujitolea katika likizo ndefu ya mwaka wa pili. Nasoma sayansi ya mazingira Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, na kilichonifanya nichague Rhonda ni mto. Mto Njoro hutoka msitu wa Mau, hupita karibu kabisa na chuo chetu, kisha huteremka hadi Ziwa Nakuru. Rhonda na Kaptembwo ziko huko chini, upande unaopakana na mbuga ya wanyama inayolizunguka ziwa. Chupa inayoachwa ukingoni Njoro mvua ikinyesha haibaki Njoro. Niliona sisi wa juu tuna deni kwa watoto wa chini, na sikutaka kulilipa kwa maneno ya darasani tu.

Mama anayesimamia vipindi vya Jumamosi pale kanisani alinipokea vizuri. Nikapewa watoto thelathini na kitu, wa gredi ya tatu hadi ya tano, saa nane hadi saa kumi alasiri. Nilikuja na picha nilizopakua kwenye intaneti: vyungu vya maua vya chupa zilizokatwa katikati, vikopo vya kalamu, vipepeo, hata taji la kichwani. Nilinunua rangi za makopo madogo, gundi, brashi na ule unga unaometameta.

Sitasema siku zile zilikuwa bure. Watoto wengi wa pale hawajawahi kushika brashi ya rangi. Kuna aliyekaa dakika arobaini akipaka kikopo kimoja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akifika mwisho anarudi mwanzo. Kuna wavulana wawili waliotengeneza matatu kwa mtungi wa mafuta ya kupikia, magurudumu wakayakata kwenye soli za ndala zilizokwisha, wakatia na ekseli ya waya. Hilo sikuwafundisha mimi. Watoto wa mitaa yetu wamekuwa wakitengeneza magari hayo tangu zamani, na ningekuwa makini ningeanzia hapo: kuuliza wanachokijua kabla ya kufungua picha zangu.

Siku ya tatu nilichora ramani ubaoni. Mau hapa, Njoro hapa, Rhonda, ziwa. Nikawaambia jambo ambalo wengi wetu tuliokulia Nakuru hatulifikirii: Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia, hayaendi popote, yanapungua kwa jua tu. Ndiyo maana ni ya magadi. Kinachoingia mle na hakiwezi kugeuka mvuke, kinabaki mle. Mvulana mmoja akainua mkono. "Kwa hivyo ndala yangu bado iko huko?" Ilichukuliwa na maji ya mtaro mvua ilipokuwa kubwa. Wenzake wakacheka, lakini yeye hakuwa anacheka, alitaka kujua. Nikamwambia yawezekana kabisa. Halafu nikawasimulia habari ya Flipflopi, jahazi la urefu wa mita 9 lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa na kuvikwa maelfu ya ndala kuukuu. Fundi wake mkuu ni Ali Skanda, lilishushwa majini mwaka 2018, na mapema mwaka 2019 likatweka tanga hadi Zanzibar. Macho yaliwatoka. Kwa wiki nzima, naambiwa, walikuwa wakiokota ndala.

Katika kundi lile kulikuwa na mvulana wa gredi ya nne ambaye hakuzungumza sana. Alikuja na gunia dogo lenye chupa zaidi ya ishirini, zimekanyagwa zikawa bapa, vifuniko vimetolewa. Mimi nilitaka chupa nzima za kukata, kwa hiyo nikamwambia hizo hazifai. Nilisema hivyo mbele ya wote. Mwenzake akadakia, "Huyo ni chokoraa, mama yake huokota Gioto." Gioto ndilo jaa kubwa la mji wa Nakuru, upande wa mtaa uitwao London, chini ya mlima wa Menengai. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Nilichofanya ni kugonga meza na kusema "Nyamazeni," halafu nikaendelea na brashi. Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi. Mtoto yule alikuwa ndiye pekee mle ndani ambaye familia yake huzuia plastiki isifike ziwani, kila siku ya Mungu, kwa mikono. Nami niliyeitwa mwalimu nilimwambia alicholeta hakifai, kisha nikaacha neno lile lipite hivi hivi. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Nilimfuata kwao. Si mbali na kanisa, vyumba vya mabati vilivyopangwa mstari, na nje ya mlango wao magunia manne yameegemezwa ukutani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua. Nilimsalimia, nikamwambia ni mimi mwalimu wa Jumamosi na nimekuja kuomba radhi. Alinitazama kidogo, akanisogezea ndoo niikalie.

Alichokuwa akikifanya nilikuwa nimekisoma chuoni kwa kurasa nyingi. Kukiona ni jambo lingine. Alikuwa haangalii alama zilizogongwa kitakoni mwa chupa. Anaishika, anaiminya mara moja, anasikiliza. Chupa ya maji hulia kwa mlio mkali, mkavu. Mtungi wa maziwa au wa sabuni hunyamaza, unabonyea tu. Chupa angavu zisizo na rangi gunia lake, za kijani na za kahawia lake, plastiki ngumu lake, vifuniko ndani ya kasha. Karatasi za jina anazichana kwa kisu kimoja bila kukata chupa.

Tukaongea. Nikamwonyesha picha za kazi za watoto kwenye simu, nikidhani zitampendeza. Alizitazama moja moja kwa utulivu, akarudi kwenye picha ya vyungu vyekundu vilivyopangwa dirishani.

"Mwalimu, usinichukulie vibaya," akasema. "Ni maridadi. Lakini mmeziharibu."

"Kivipi, mama?"

"Chupa angavu ndiyo yenye bei. Ikishapakwa rangi na gundi, anayetununulia anaitoa kwenye gunia anaitupa. Ikifika jaani, hata mimi siiokoti. Hiyo ndiyo imekufa sasa."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli, na nilikuwa nalijua bila kulijua. Katika somo la taka tulifundishwa kwamba plastiki iliyochanganyika na rangi, gundi au plastiki ya aina nyingine ni vigumu kuyeyushwa ikawa kitu kizuri tena. Niliandika hivyo kwenye mtihani. Sikuwahi kukaa nikajiuliza chungu changu cha maua kitakwenda wapi kikichoka. Chupa ambayo ingeuzwa, ikasagwa, ikawa uzi au chupa nyingine, niliichukua, nikaipamba, nikaipa miezi miwili ya kuwa pambo na baada ya hapo taka isiyo na mwenyewe.

Shuleni tulikaririshwa methali: ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno, yaani taka ya mtu kwa sisimizi ni mavuno. Niliijua kwa ajili ya insha. Siku ile, nikiwa juu ya ile ndoo, ndipo nilipoona kivuno chenyewe kwa macho, na jinsi kilivyo chembamba. Chupa ya maji ya nusu lita ni nyepesi mno. Tulipima zake kwenye mizani ya kuning'iniza, na kilo moja ilikula zaidi ya chupa 60. Kuinama mara sitini na kitu, kwa pesa ambazo hazinunui mkate.

Nikamwomba aje afundishe. Alikataa, akasema atawaambia nini watoto wa watu. Nikamwambia afanye kile kile alichokuwa akifanya pale mlangoni, nami nitakaa chini na watoto. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya pazia, nikaona vidole vya miguu.

Alikuja, amevaa kitambaa kipya kichwani. Nilikuwa nimeandaa beseni la maji, kwa sababu kuna jaribio moja rahisi ambalo sitaacha kulifanya popote nitakapofundisha. Unakata kipande cha ubavu wa chupa ya maji, unakata na kipande cha kifuniko chake. Unavitia majini na kuvizamisha kwa kidole, ukivisugua kidogo ili viputo vya hewa vitoke. Kipande cha chupa kinabaki chini. Cha kifuniko kinaibuka. Chupa moja, plastiki mbili, moja nzito kuliko maji na nyingine nyepesi.

Basi tukafanya mchezo. Yule mama na mwanawe wanaminya kitu, wanasikiliza, wanasema "kitazama" au "kitaelea", halafu mtoto mwingine anakata kipande na kukitia kwenye beseni. Mtungi wa mafuta: kitaelea, kikaelea. Chupa ya soda: kitazama, kikazama. Vitu kumi na moja, hawakukosa hata kimoja. Kwenye kitu cha saba ukumbi ulikuwa kimya kabisa, watoto wamepanda juu ya viti. Aliyemwita mwenzake chokoraa alikuwa ndiye mshika mkasi, na nilimsikia akimwuliza polepole, "Wewe unajuaje?" Yule mvulana akaweka chupa sikioni mwake, akaiminya. "Sikia."

Rangi na gundi niliziweka kabatini. Si kwamba nazichukia. Nilianza kuzitaka mahali pake, kwenye mbao na kartoni. Kwa plastiki tuliweka sharti jipya: tukitumie kitu kama kilivyo, kwa kazi inayohitajika kweli, na kikiisha kazi hiyo kiweze kurudi kwenye gunia.

Nikawauliza watoto plastiki hutumika vipi kwao baada ya kumaliza kazi yake ya kwanza, na majibu yalijaza ubao. Nyanya huweka mbegu za maharagwe kwenye chupa kavu, wadudu wasiingie. Mtungi wa lita 20 ndio bomba la nyumba nzima. Kopo la mafuta ya kujipaka huwa sahani ya sabuni. Chupa yenye tundu moja dogo kwenye kifuniko, ikipinduliwa kwenye gunia la sukuma wiki, hudondosha maji polepole hadi jioni. Hakuna lililotoka kwenye picha zangu.

Kisha msichana mmoja akasema, "Sisi tunawashia jiko." Wengine kumi wakainua mikono. Kipande cha plastiki chini ya makaa, kiberiti, na moto umeshika. Wanaoinama juu ya ule moshi ni mama na huyo msichana. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, faini ikiwa kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, na watoto hawa wamekua chini ya sheria hiyo. Hata hivyo walinieleza ni nani huificha chini ya mboga na ni kwa nini huwashia moto. Sikuwagombeza. Mama anayeamka saa kumi na moja na makaa yenye unyevu hahitaji hotuba ya mwanafunzi. Moshi wa plastiki una sumu, hilo nililisema wazi, hasa kwa aliye na mtoto mgongoni ndani ya chumba kisicho na dirisha. Halafu tukatoka nje tukajaribu magunzi ya mahindi yaliyokauka vizuri, na vijiti vilivyopasuliwa vyembamba. Magunzi yalishika. Wiki iliyofuata watoto sita walisema kwao wameanza kuyakusanya. Sita kati ya thelathini na kitu. Niliyapokea kwa moyo wote.

Kitu tulichokijenga pamoja ni kibuyu chirizi, karibu na vyoo vya kanisa, ambako hakukuwa na pa kunawia mikono. Panda mbili ardhini, kijiti juu yake, mtungi wa lita 5 ukaning'inizwa, kamba kutoka shingoni mwa mtungi hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, mtungi unainama, maji yanachirizika, na hushiki kitu chochote kwa mkono mchafu. Tundu hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Sabuni tuliitoboa katikati tukaifunga kwa uzi.

Lakini mtungi wa kwanza ulioletwa niliusogeza puani kabla ya kuutoboa, na harufu ikanirudisha nyuma. Ulikuwa wa dawa ya kuogesha ng'ombe. Mtoto aliyeuleta alisema umeoshwa kwa sabuni na kwao nyumbani wanao mwingine kama huo, wa maziwa. Tuliacha kila kitu. Mtungi wa dawa ya mifugo au ya mimea hauwi wa maji wala wa maziwa, hata uoshwe mara ngapi, kwa sababu plastiki hufyonza. Unasuuzwa mara tatu, unatobolewa ili mtu mwingine asiutumie, na kuwekwa mbali na watoto hadi upate pa kurudishwa. Jioni ile nilitembea tena hadi nyumba ya mtu, na mzee wa pale akaumwaga maziwa yale mbele yangu bila neno. Ninapoona picha za kusifu kutumia tena kila kitu, huufikiria mtungi ule. Swali la kwanza la kumfundisha mtoto ni: kilibeba nini?

Agosti mvua ilikuja kwa nguvu. Nilikuwa nikitembea kutoka steji nikaona mtaro umefurika, povu la kahawia limebeba maganda, matambara, na katikati yake nusu ya chupa nyekundu. Niliitambua. Ilikuwa na maua meupe matano, moja halikumaliziwa, na jina la mtoto kwa herufi zangu mwenyewe, kwa sababu aliniomba nimwandikie. Niliingia mtaroni na viatu vyangu lakini maji yalikuwa na kasi. Ikazunguka mara mbili kwenye kona na kuteremka upande wa ziwa.

Vyungu vilivyobaki kwenye ua wa kanisa nilivikagua siku hiyo hiyo. Hatukuvitoboa chini. Mimea ilikuwa imeoza mizizi, na kwenye viwili maji yaliyotuama yalikuwa yakichezacheza: viluwiluwi vya mbu. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, alikuwa akionya kuhusu plastiki zinazotuamisha maji na kuwapa mbu mahali pa kuzalia. Nilikuwa nimewasimulia watoto habari zake kwenye kipindi cha kwanza kabisa.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza yote, mtaro na viluwiluwi. Nikawaambia mimi ndiye niliyewafundisha vibaya. Niliwaambia na jingine, maana sipendi mtoto wa miaka tisa abebe mzigo huu akidhani ni wake peke yake: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wanaotengeneza bidhaa wawajibikie taka zake, na inatutaka sote tutenganishe taka nyumbani, zinazooza kando na zisizooza. Kuna watu wazima wenye zamu yao katika jambo hili, na watoto wana haki ya kuwauliza.

Siku yangu ya mwisho kabla ya chuo kufunguliwa, tulikuwa kwenye foleni ya kibuyu chirizi. Yule msichana wa soda alikanyaga kijiti, akanawa, akabaki amesimama akiutazama mtungi.

"Mwalimu, na huu ukipasuka utaenda wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mvulana wa gredi ya nne alinyoosha mkono akauminya ubavuni, akasikiliza.

"Huu ni ngumu, haujapakwa kitu," akasema. "Ukipasuka mniite. Ila toeni kamba kwanza."

Wa nyuma wakaanza kusukumana, maana maji yalikuwa yanakaribia kwisha na wao hawajanawa.